Lijue ziwa lako kabla ya kutoboa barafu: mwongozo kwa wavuvi wapya wa Minnesota

Kila Desemba barafu ikishika, wenzetu wanaoishi Brooklyn Park, St. Paul na Rochester huuliza maswali yale yale. Ninunue fimbo gani? Niweke chambo gani? Na la tatu, linaloulizwa kwa uchungu zaidi: mbona jirani anatoa samaki mmoja baada ya mwingine, nami niko hatua ishirini tu kutoka kwake na sipati hata wa kuonja?

Jibu la swali la tatu ndilo linalobeba hayo mengine mawili. Jirani hana fimbo ya ajabu. Anajua kwamba chini ya tundu lake majani ya majini yanaishia na mteremko unaanza, nawe umekaa juu ya uwanda mtupu wa tope. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na maji yaliyofunikwa barafu yanaficha hata zaidi: huoni wimbi, huoni rangi, huoni ndege anayezamia. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulijua ziwa moja, hatua kwa hatua, ndani ya msimu mmoja. Vipimo tumeviacha katika inchi na futi, kwa kuwa ndivyo vilivyo kwenye ramani na sheria za huku.

Samaki utakaowafuata hasa ni watano. Blugili ni samaki bapa, mdogo kuliko kiganja au zaidi kidogo, umbo lake kama sato mchanga. Krapi ana madoa meusi na mdomo laini unaochanika upesi. Pachi wa njano ana mistari ya kusimama ubavuni. Wolai ndiye samaki wa jimbo la Minnesota, ana macho yanayong'aa gizani na nyama nyeupe isiyo na shombo. Paiki ni mrefu, mwenye meno makali, na hukata mshipi mwembamba bila shida.

VINAVYOHITAJIKA KABLA YA KUANZA

Usalama kwanza, na hapa hakuna cha kupunguza:

- Mtaimbo wa barafu wenye ncha bapa, urefu wa futi 4 hadi 5, na kamba ya kuuvika mkononi usije ukazama.
- Vishikio viwili vyenye misumari ya kujiokolea, vimefungwa kwa kamba na kuvaliwa shingoni, nje ya koti.
- Jaketi la kuokolea maisha, au suti ya barafu inayoelea.
- Vikucha vya chuma vya kuvaa juu ya buti. Barafu isiyo na theluji huangusha hata mwenyeji.
- Kamba ya futi 50, filimbi, na simu ndani ya mfuko wa ndani kabisa. Baridi huua betri haraka.

Vya kazi:

- Kekee ya mkono ya inchi 6. Inatosha kwa samaki wote isipokuwa paiki na wolai wakubwa; kwa hao tumia ya inchi 8. Sheria ya Minnesota hairuhusu tundu la uvuvi kupita inchi 12 kwa upana.
- Kijiko cha matundu cha kuondolea barafu laini.
- Sona, yaani kifaa kinachopiga mawimbi ya sauti na kuonyesha kina, sakafu na samaki. Kama bei yake haijafikika, chubwi la risasi la nusu aunsi lenye kibanio litakuvusha msimu wa kwanza.
- Fimbo mbili fupi: moja laini yenye mshipi wa pauni 2 au 3 kwa blugili na krapi, nyingine yenye mshipi wa pauni 6 kwa wolai.
- Ndoana ndogo za kichwa cha tungsteni za milimita 3 na 4, funza wa nta, na visamaki vidogo hai.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu huganda.
- Kijisleji cha plastiki cha kuburuta yote hayo.

Na leseni. Kila mwenye miaka 16 au zaidi anaihitaji, isipokuwa sheria imemwondoa. Leseni ya kawaida ya mwaka huisha mwisho wa Februari, kwa hiyo ukienda Machi na leseni ya mwaka uliopita umevunja sheria bila kujua. Wengi hunaswa hapo.

HATUA YA 1: Chagua ziwa moja ukae nalo

Chagua ziwa lenye ekari kati ya 100 na 1,000, lililo karibu na nyumbani kiasi kwamba unaweza kwenda jioni baada ya kazi. Dogo kuliko hapo mara nyingi huwa na kina kifupi, na samaki wake wanaweza kufa kwa kukosa hewa theluji ikizidi. Kubwa kuliko hapo hulimalizi. Mille Lacs, lenye zaidi ya ekari 130,000, ni ziwa zuri sana la wolai, lakini vipande vya barafu yake huweza kumeguka na kusukumwa na upepo watu wakiwa juu yake. Ukitaka kwenda huko, kodi kibanda kwa wenyeji wanaotunza njia zao za barafuni na kuzikagua kila siku. Sehemu kubwa ya maziwa ya Red Lake, kaskazini, ni maji ya watu wa asili wa Red Lake na hayavuliwi na wageni bila idhini yao.

Mfano tutakaoutumia hapa ni Medicine Lake, ndani ya mji wa Plymouth magharibi mwa Minneapolis: takriban ekari 900, kina cha juu kabisa futi 49, na bustani ya umma ya French upande wa kaskazini ambako unaweza kuegesha gari na kuingia ziwani kwa miguu.

Tunasisitiza ziwa moja. Anayezunguka maziwa sita kwa msimu anaanza upya mara sita.

HATUA YA 2: Soma ziwa ukiwa nyumbani

Idara ya Maliasili ya Minnesota, DNR, ina huduma ya bure mtandaoni iitwayo LakeFinder. Andika jina la ziwa na kaunti yake, maana jimbo lina maziwa mengi yenye jina moja. Soma mambo manne:

Ramani ya kina. Mistari yake inaunganisha sehemu zenye kina sawa. Ikisongamana, hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, ni uwanda.

Ripoti ya ukaguzi wa samaki. Inaonyesha waliopo, wingi wao na urefu wao. Ikiwa karibu blugili wote wako chini ya inchi 6, usilaumu chambo chako baadaye.

Sheria maalumu za ziwa hilo. Maziwa mengi yana kikomo cha blugili kilichopunguzwa kuwa 10 au 5 kwa siku, tofauti na kikomo cha jimbo zima. Kitabu cha sheria cha mwaka huu ndicho cha kufuata, si alichokuambia rafiki.

Ushauri wa kula samaki. Zebaki imo katika samaki wa maziwa mengi, na paiki na wolai wakubwa ndio hubeba zaidi. Wajawazito na watoto wana kiwango chao. Tafadhali usipite sehemu hii haraka.

HATUA YA 3: Weka alama tano kwenye ramani

Chapisha ramani, uchukue kalamu nyekundu. Tafuta:

1. Pembe ya nchi kavu inayoendelea chini ya maji kama ulimi.
2. Kona ya ndani, pale mistari ya kina inapoingia kuelekea ufukweni. Samaki wanaopita kandokando ya mteremko hukusanyika humo.
3. Kilima cha chini ya maji, mfano sakafu ya futi 25 inayopanda hadi 12.
4. Uwanda wa futi 6 hadi 12 wenye majani, ulio karibu na maji ya kina.
5. Bonde la kina cha futi 20 hadi 35.

Tano zinatosha. Zilizo karibu karibu ni bora kuliko zilizotawanyika ziwa zima, kwa sababu utazitembelea kwa miguu ukiburuta sleji.

Ramani nyingi za kina zilipimwa miaka mingi iliyopita. Umbo la jumla ni la kuaminika. Futi kamili utazipata mwenyewe kwenye tundu.

HATUA YA 4: Litembelee ziwa kabla halijaganda

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mwishoni mwa Oktoba, ingia na kayaki, au tembea ufukweni siku isiyo na upepo. Majani mengi ya majini yatakuwa yamelala na kuwa kahawia. Tafuta yaliyobaki kijani, uweke alama kwa GPS ya simu. Majani ya kijani yanaendelea kutoa hewa chini ya barafu nyembamba na angavu, wadudu wanabaki humo, na samaki wadogo nao. Majani yaliyokufa yanafanya kinyume: yakioza hula hewa iliyomo majini.

Andika pia mahali pa hatari: mito inapoingia na kutoka, chini ya madaraja, njia nyembamba za maji, chemchemi, na magati yenye mashine za mapovu za kuzuia barafu. Kwenye Medicine Lake, kijito cha Plymouth kinaingia upande wa magharibi na kile cha Bassett kinatoka upande wa kusini. Maji yanayotembea hula barafu kutoka chini, na juu yake hakuonekani dalili yoyote. Bata bukini wakisimama kundi zima sehemu moja kwa siku nyingi, wao pia huzuia barafu kushika; mahali hapo patakuwa pembamba hata mwezi baadaye.

HATUA YA 5: Kagua barafu kila unapoingia

Viwango vya DNR ni vya barafu mpya, ngumu na angavu: inchi 4 kwa mtu anayetembea, inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, inchi 9 hadi 10 kwa gari dogo, inchi 13 kwa pikapu. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina karibu nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo hesabu mara mbili: inchi 8 kwa mtembea kwa miguu. Mwaka wako wa kwanza usiingie na gari kabisa.

Fanya hivi. Simama ufukweni, piga mbele yako kwa mtaimbo, kwa nguvu, mara mbili sehemu moja. Ukipasua kwa pigo la kwanza, geuka urudi kwa nyayo zako zile zile. Usipopasua, songa hatua mbili, piga tena. Kila futi 150 toboa kwa kekee na upime unene: ingiza rula yenye ndoano, ikamate ukingo wa chini wa barafu, usome. Nyayo za wengine si kipimo.

Ukiona ufa ulioinuka kama ukuta mdogo unaokatiza ziwa, usiuvuke. Vipande viwili vya barafu vimesukumana hapo, na kando yake huwa na maji wazi yaliyofunikwa theluji.

Ukizama: dakika ya kwanza tuliza pumzi tu, maana mshtuko wa baridi ndio unaokufanya umeze maji. Una kama dakika 10 za mikono na miguu kufanya kazi. Geukia ulikotoka, kwa sababu barafu ya huko ilikubeba. Chomeka misumari, piga miguu ukae bapa kama unayeogelea, jivute juu, kisha bingirika. Usisimame mpaka uwe mbali na tundu.

HATUA YA 6: Toboa mstari, usitoboe tundu

Anayeanza hutoboa tundu moja, akaweka kiti, akangoja. Siku ya kujifunza ziwa haiendi hivyo. Anza kwenye majani ya futi 6, elekea maji ya kina kwa mstari ulionyooka, toboa kila hatua 15. Kina kikibadilika zaidi ya futi 3 kati ya matundu mawili, rudi utoboe la katikati. Hapo ndipo ukingo ulipo, na ukingo ndio unaoutafuta.

Kwa kekee ya mkono kwenye barafu ya inchi 8 hadi 10, matundu 15 hadi 20 ni kazi nzuri ya asubuhi. Yatoboe yote kwanza, ndipo uanze kuvua kutoka lile la kwanza. Ukitoboa na kuvua kwa zamu, kelele za tundu jipya zinafukuza samaki wa tundu ulilokaa, hasa maji yakiwa chini ya futi 10. Kwenye maji mafupi na angavu, usisafishe tundu lote. Acha barafu laini ielee izuie mwanga, utoboe kijitundu kidogo cha mshipi tu.

Kuhusu majirani: usitoboe karibu na kibanda cha mtu bila kumsalimu na kumwomba. Salamu fupi huku huzaa mengi, na wazee wengi waliozeeka juu ya ziwa moja watakuonyesha kwa kidole kona nzuri wakiona umekuja kwa heshima.

HATUA YA 7: Pima kina na uisome sakafu

Kwa mwenye sona: ning'iniza kichwa chake katikati ya tundu, chini kidogo ya barafu, kikiwa wima. Sakafu ngumu ya mchanga au changarawe huonekana kama mstari mnene mwekundu, mara nyingi na mwangwi wa pili kwenye kina mara mbili yake. Tope laini hutoa mstari hafifu, na mwangwi wa pili hupotea. Majani huonekana kama michirizi ya kijani inayopanda kutoka sakafuni.

Jua pia sona inaona upana gani. Kichwa chenye mwale wa nyuzi 20 huona duara lenye upana wa karibu theluthi moja ya kina: kwenye futi 30, duara la kama futi 10. Cha nyuzi 9 huona chini ya nusu ya hapo. Kwenye mteremko mkali tumia chenye mwale mwembamba, kwa sababu duara pana hugusa upande wa juu wa mteremko kwanza na kuonyesha sakafu nene ya uongo, huku samaki aliyelala upande wa chini amefichika ndani yake.

Kwa mwenye chubwi: libane kwenye ndoana, shusha taratibu hadi mshipi ulegee, ukaze, ubane alama kwa vidole usawa wa maji, kisha upime kwa rula uliyochora kwenye sleji. Chubwi likitua ghafla kwa mshtuko, sakafu ni ngumu. Likizama kama linanyonywa na kuvutika kwa uzito, ni tope. Mabaharia wa zamani walipaka mafuta chini ya timazi ili lirudi na sampuli ya sakafu, na kwako pia inafaa: paka Vaseline kidogo kwenye kitako cha chubwi. Litarudi na punje za mchanga, ute mweusi wa tope, au kipande cha jani. Tazama rangi ya jani hilo. Kijani ni habari njema.

Mpaka kati ya sakafu ngumu na tope ni wa kuandikwa kwa herufi kubwa. Viluwiluwi vyekundu vya visubi wa ziwani wanaishi ndani ya tope, na pachi na wolai hupita kwenye mpaka huo wakiwala au wakiwavizia wanaowala.

HATUA YA 8: Vua kwa kupita

Kila tundu dakika 5 hadi 10. Sona haionyeshi kitu na chambo hakijaguswa? Ondoka. Ukiona samaki, weka chambo juu yao futi moja au mbili, kamwe usiweke chini yao: krapi hasa hula wakitazama juu. Ukipita chini ya kundi umejipitisha mbali na mdomo.

Minnesota inaruhusu mishipi miwili wakati wa barafu. Mmoja ushike mkononi, wa pili uweke kwenye mtego wa kibendera, yaani kifaa kinachoinua kibendera samaki akivuta chambo, kwenye tundu la mbali lenye kina tofauti. Kibendera kikiinuka umejifunza kitu kuhusu kina hicho. Usiwe mbali na mtego wako zaidi ya futi 200. Hiyo pia ni sheria.

Samaki waliotolewa kwenye kina cha zaidi ya futi 30 mara nyingi tumbo lao huvimba kwa hewa na hawaishi ukiwarudisha. Kwa hiyo kina hicho usikivulie kwa mchezo wa kukamata na kuachia. Ukishapata wa kutosha kula, hama.

HATUA YA 9: Andika palepale

Kila tundu lenye habari, mstari mmoja: tarehe na saa, alama ya GPS, kina, sakafu, majani na rangi yake, unene wa barafu, kina cha theluji, samaki waliopita na umbali wao kutoka sakafuni. Mfano:

"14 Jan, 4:40 jioni. Tundu 7. Futi 24, tope. Barafu inchi 13, theluji 5. Krapi futi 14 hadi 17, walianza kupita jua lilipokaribia kuzama. Tundu 6 na 8 hakuna."

Matundu yasiyo na kitu yaandike vilevile. Baada ya safari chache ndiyo yatakayokuonyesha njia ambayo samaki hawapiti.

HATUA YA 10: Fuata ziwa linavyobadilika

Barafu ya mwanzo, Desemba: anzia kwenye majani ya kijani, futi 5 hadi 12. Blugili na krapi bado wako humo. Wolai huja ukingoni mapambazuko na machweo, wakati mwingine kwa dakika 40 tu.

Katikati, Januari na Februari: theluji imezuia mwanga, majani yanakufa, hewa ya maji mafupi inapungua. Maji ya nyuzi 4 za Selsiasi ndiyo mazito kuliko yote, kwa hiyo sakafu ya bonde ina joto kidogo kuliko maji yaliyogusana na barafu. Krapi huhamia bondeni, futi 20 hadi 35, na kuelea katikati ya maji. Usiwatafute sakafuni tu. Kadiri majira yanavyosonga, hewa hupungua kuanzia sakafu ya bonde kupanda, nao hupanda nayo.

Mwisho, Machi: theluji inayeyuka, maji yenye hewa yanaingia kupitia matundu na vijito, samaki wanarudi kwenye ghuba za maji mafupi. Uvuvi ni mtamu na barafu ndiyo mbaya kuliko zote. Inchi 14 za barafu iliyooza si inchi 14. Msimu wa wolai na paiki katika maziwa ya ndani hufungwa mwishoni mwa Februari, hivyo Machi ni ya blugili, krapi na pachi.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kuwasha jiko la gesi ndani ya hema lililofungwa kila upande. Hewa ya sumu haina harufu. Acha matundu mawili ya hema wazi, moja juu na moja chini, na weka king'ora cha hewa hiyo.

Kuondoka na maji ya ziwa kwenye ndoo ya chambo. Yamwage, weka ya bomba kutoka nyumbani. Visamaki vilivyobaki visimwagwe ziwani. Maziwa mengi ya hapa tayari yana kome wageni na magugu yaliyoletwa hivyo hivyo.

Kuacha takataka, mifupa na vipande vya mbao juu ya barafu. Vyote vitazama Aprili.

Kukaa mahali palipotoa samaki wiki iliyopita. Wiki moja ya theluji nzito inatosha kuhamisha kundi zima.

UKIKWAMA

Kekee haikati, inateleza tu. Makali yamegusa mchanga au yameshika barafu. Usiyagonge kwenye barafu ili kuyasafisha, yatapinda. Yamwagie maji ya ziwa, yakaushe, yafunike. Yakiwa butu, badilisha jozi nzima.

Samaki wanaonekana, wanakuja, wanasimama, wanageuka. Kwanza tazama chambo chako kwenye maji ya tundu: kinazunguka? Mshipi uliojisokota huzungusha chambo, na blugili huliona hilo upesi. Subiri kitulie, au funga kizungushi kidogo inchi 18 juu ya ndoana. Kisha punguza ukubwa wa ndoana, badilisha funza aliyekwisha kutoboka, na kipandishe taratibu wakufuate.

Wawili wa kwanza wanakuja haraka, kisha kimya. Kundi limesogea. Tundu la hatua tano pembeni mara nyingi linawarudisha.

Sona inaonyesha mistari inayorukaruka. Kuna sona ya jirani karibu. Bonyeza kitufe cha kupunguza mwingiliano, kisha punguza nguvu ya kupokea mpaka chambo chako kionekane kama mstari mwembamba.

Ramani ya simu inasema futi 18, tundu linasema 23. Amini tundu, uandike.

Ziwa zima kimya, hakuna hata alama ya samaki mdogo, na kina chake hakipiti futi 12. Huenda samaki walikufa majira ya baridi yaliyopita. Tazama kwenye tovuti ya DNR kama lina mashine ya kuongeza hewa au historia ya vifo hivyo. Kama lina mashine inayofanya kazi, kuna maji wazi na barafu nyembamba kuizunguka. Kaa mbali na alama zake. Kama halina, chagua ziwa lingine lenye bonde la angalau futi 20 na urudi hatua ya 2.